Asilimia ya Kwenye Mfuko Haijaonja Chumvi

Mtu anaponunua mbegu za miti, jambo la kwanza analoliangalia baada ya bei ni asilimia ya kuota. Akikuta imeandikwa 85, moyo wake hutulia. Huufunga mfuko nyuma ya bodaboda na kuteremka nao kuelekea Katwe, Kasenyi au Mpondwe, huku magharibi mwa Uganda, akiamini kwamba katika kila mbegu 100 atapata miche 85, au pungufu kidogo kwa sababu ya panya na mchwa. Hesabu hiyo ni ya kweli mahali ilipofanyiwa, yaani juu ya karatasi yenye unyevu ndani ya chombo safi, kwa maji yasiyo na chumvi, katika joto lisilopanda wala kushuka ovyo. Ardhi ya kandokando ya maziwa yetu ya chumvi haikuulizwa lolote.

Ninalolidai hapa ni kwamba mbegu ya mti huanza kupoteza ustahimilivu wake muda mrefu kabla haijapoteza uwezo wa kuota, na kwamba chumvi ni miongoni mwa vitu vinavyoufichua upotevu huo mapema na bila huruma. Kwa hiyo mifuko miwili yenye asilimia ileile yaweza kuwa na mbegu za hali tofauti kabisa, na mnunuzi asiyejua umri wa mbegu wala namna zilivyohifadhiwa hajui alichonunua, hata kama cheti kimepigwa muhuri.

Tuanze na uzee wenyewe, kwa kuwa wengi huufikiria kama siku ya kifo: mbegu ni nzima leo, kesho imekufa. Haiko hivyo. Mbegu kavu iliyo ghalani ni kiumbe hai kilichopunguza karibu shughuli zake zote, lakini oksijeni inayoizunguka haikupunguza zake. Mafuta yaliyomo kwenye tando za seli huungana na oksijeni polepole, kwa njia ileile inayoufanya unga wa karanga uliosahaulika kabatini utoe harufu ya mafuta yaliyochacha. Molekuli kali zinazozaliwa katika mwenendo huo hushambulia pia protini, nyuzi za DNA, na mitokondria ambazo ndizo vinu vya nishati vya seli. Maadamu mbegu ni kavu, hakuna ukarabati wa maana unaoweza kufanyika, kwa sababu ukarabati unahitaji maji. Madhara hujilimbikiza kama madeni ya dukani yanayoandikwa daftarini, ambayo hakuna anayeyadai hadi siku mdaiwa anapoonekana akipita na fedha mkononi. Na siku hiyo, kwa mbegu, ni siku inapolowa.

Siku hiyo ya kulowa ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Katika saa za mwanzo maji huingia kwa kasi kwenye tishu kavu, na tando za seli hulazimika kujipanga upya haraka ili zizibe. Tando changa huziba. Tando zilizochakaa huvujisha. Sukari, potasiamu na asidi amino hutoka kwenye kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, na kuingia katika maji yanayoizunguka mbegu, na uvujaji huo unapimika: mbegu hulowekwa katika maji yaliyokenekwa, kisha hupimwa jinsi maji hayo yanavyopitisha umeme, na kadiri yanavyoupitisha zaidi ndivyo inavyoonyesha kwamba mbegu zimechoka zaidi. Kilichovuja huwa chakula cha kuvu wa udongoni, nao hawasubiri kukaribishwa. Baada ya hapo mbegu hulazimika kutumia akiba yake ya nishati kukarabati DNA na mitokondria kabla haijaanza kurefusha mzizi. Ndiyo maana dalili ya kwanza ya uzee ni kuchelewa kuota. Kisha hufuata kuota kwa kupishana sana, halafu miche yenye kasoro, na mwishoni kabisa kifo. Asilimia ya kwenye mfuko huanza kushuka pale tu hatua hizo mbili za mwisho zinapofika, kwa hiyo ni habari iliyochelewa, sawa na tangazo la msiba linalokufikia baada ya arobaini.

Sasa tuilete chumvi. Chumvi huushambulia mche kwa njia mbili. Ya kwanza ni kiu: maji yaliyoyeyusha chumvi hayaachiliki kwa urahisi, kiasi kwamba mbegu iliyofukiwa katika udongo unaoonekana umelowa hupata maji kwa shida, kana kwamba imefukiwa katika kiangazi. Ya pili ni sumu: sodiamu na kloridi huingia ndani ya seli, huvuruga kazi za vimeng'enya na kuinyang'anya potasiamu nafasi yake. Mmea unaostahimili chumvi haufanyi muujiza wowote. Hutumia nishati kuisukuma sodiamu nje ya seli au kuifungia katika vifuko vilivyo ndani yake, hutengeneza sukari na kemikali nyingine zisizo na madhara ili kuvuta maji, na huzima zile molekuli kali za oksijeni ambazo chumvi nayo huzichochea. Msomaji aliyefuatilia maelezo ya uzee ataona tatizo lilipo. Vitu vinavyohitajika ili kuistahimili chumvi ni vilevile vilivyoliwa na uzee: utando usiovuja, nishati ya kutosha, na kinga dhidi ya molekuli kali za oksijeni. Anayempandisha babu yake mlima Rwenzori na gunia la mahindi begani hashangai babu akikaa chini njiani, ingawa babu huyohuyo alitembea vizuri uani asubuhi.

Kwa sababu hiyo athari za uzee na za chumvi hazijumlishwi kama kilo mbili na kilo tatu sokoni, huzidishana. Tuchukue mfano wa kubuni tu, ili hoja ionekane. Mifuko miwili ya mbegu za mkwaju imepimwa katika maji matamu na yote miwili imetoa 85 kati ya 100. Mfuko wa kwanza ulivunwa miezi mitatu iliyopita, wa pili umekaa miaka mitatu katika ghala lenye joto. Ukizipima tena katika maji yenye chumvi ya wastani, wa kwanza waweza kushuka hadi 70 na wa pili hadi 30. Maji matamu yaliuficha umri, chumvi ikautaja. Na kama mkulima hakupima, mwishowe ataambiwa kwamba ardhi yake haifai miti, au kwamba hakumwagilia ipasavyo, na neno hilo litaandikwa katika ripoti ya mradi kama sababu ya kushindwa.

Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko sumu yenyewe, nalo hutajwa mara chache: muda. Chumvi ya udongo haikai mahali pamoja. Mvua ikinyesha huyeyuka na kushuka chini. Jua likiwaka, maji hupanda kupitia vinyweleo vya udongo, hugeuka mvuke juu ya uso wa ardhi, na chumvi yote yaliyokuwa yameibeba huachwa katika sentimita chache za juu. Yeyote aliyeyatazama mashimo ya chumvi ya Katwe ameiona kanuni hiyo ikifanya kazi kwa faida ya mchimbaji, ambaye huyaacha maji yakauke ili avune tabaka jeupe. Shambani, kanuni hiyohiyo hufanya kazi dhidi ya mbegu, kwa kuwa sentimita hizo chache za juu ndimo mbegu nyingi za miti hufukiwa. Hivyo baada ya mvua kubwa hufunguka dirisha la siku chache ambamo udongo wa juu umeoshwa na kulowa. Mbegu changa ya aina inayoota upesi yaweza kupeleka mzizi wake chini ya eneo la hatari kabla dirisha halijafungwa. Mbegu ya aina hiyohiyo iliyozeeka, ambayo bado inashughulika na ukarabati, hutoa mzizi wakati chumvi imekwisha kurudi juu. Mbegu hizo mbili zilipandwa siku moja katika shimo moja, lakini kwa kweli ziliota katika udongo tofauti. Katika maabara kuchelewa huko kwa siku tano au sita hakuna gharama, kwa sababu karatasi hulowanishwa kila siku na mpimaji husubiri hadi siku ya mwisho iliyowekwa na kanuni.

Hapa Uganda, mahali pawili hunijia akilini ninapoyafikiria haya. La kwanza ni Katwe yenyewe, wilayani Kasese, ziwa la kreta lisilo na mto unaotoka, ambalo chumvi yake si chumvi ya mezani peke yake. Ina magadi na salfeti pia, na maji yake ni ya alkali kali. Jambo hilo ni muhimu kwa sababu chumvi zenye alkali hudhuru mizizi michanga kuliko chumvi ya kawaida ya kiasi kilekile: juu ya kiu na sodiamu huongeza hali ya udongo inayozuia chuma, fosforasi na virutubishi vingine visipatikane. Anayeleta huko mbegu zilizochoka anazidisha tatizo mara tatu.

La pili ni Kibiro, chini ya ukingo wa bonde kando ya Ziwa Albert, ambako wanawake wamekuwa wakikamua chumvi kutoka kwenye udongo kwa karibu miaka 900. Hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye majimaji ya chumvi, huuacha uifyonze, huuchuja kwa maji, kisha huyachemsha maji hayo hadi chumvi ibaki chunguni. Kuchemsha kunataka kuni. Basi hapo pamekutana mambo mawili ambayo kwa kawaida huandikwa katika sura tofauti za vitabu: watu wenye hitaji kubwa la miti, na ardhi ambayo mche hauwezi kuanza maisha bila kupambana na chumvi. Kama kuna mahali nchini ambapo ubora wa mbegu ungepaswa kupimwa kwa chumvi kabla ya kugawiwa, ni hapo.

Najua nitaambiwa kwamba maeneo ya chumvi ni sehemu ndogo sana ya Uganda, na kwamba siasa ya misitu haiwezi kupangwa kwa ajili ya Katwe na Kibiro. Pingamizi hilo ni la haki, lakini halifiki mbali. Nusu ya adhabu ya chumvi, kama nilivyosema, ni kiu, na kiu hiyo haitofautiani na ile inayoikuta mbegu huko Karamoja mvua inapokatika juma moja baada ya kupanda. Mbegu iliyoshindwa katika maji ya chumvi kwa sababu imezeeka ina uwezekano mkubwa wa kushindwa katika ukame, katika udongo ulioshindiliwa na ng'ombe, na katika kitalu chenye kuvu. Chumvi basi ni kipimo cha bei rahisi cha ukakamavu wa jumla. Isitoshe, kadiri kilimo cha umwagiliaji kinavyopanuka katika mabonde yenye joto, iwe kuzunguka skimu ya Mubuku au kwingineko, ndivyo hatari ya chumvi kujikusanya inavyopanuka nayo, kwa kuwa maji ya umwagiliaji yasiyopewa njia ya kutokea huacha chumvi nyuma yake popote duniani.

Swali linalofuata ni kwa nini mbegu zetu huzeeka mapema. Sehemu ya jibu ni ya kimaumbile, na imekwisha kuandikwa kwa tarakimu. Mtafiti wa Marekani J. F. Harrington alitoa kanuni ya kidole gumba inayosema kwamba kila asilimia moja ya unyevu inayoondolewa kwenye mbegu huongeza umri wake maradufu, na kila nyuzi 5 za Selsiasi zinazopunguzwa katika ghala huuongeza maradufu tena. Ni kanuni ya makadirio, hufaa katika kiwango fulani tu cha unyevu na joto, na inazihusu mbegu zinazokubali kukaushwa; hata hivyo hebu tuitumie. Mbegu zenye unyevu wa asilimia 12 zimewekwa Kasese katika chumba cha mabati chenye nyuzi 30. Zilezile zikikaushwa hadi asilimia 8 na kuwekwa katika chumba chenye nyuzi 20, umri wake huongezeka mara 16 kwa ajili ya ukavu na mara 4 kwa ajili ya ubaridi, yaani mara 64 kwa jumla. Miezi miwili katika chumba cha mabati hugeuka kuwa zaidi ya miaka kumi. Hapana haja ya mitambo ya nyuzi 18 chini ya sifuri ambayo benki kubwa za mbegu huitumia. Chupa inayofungwa vizuri, kivuli, na subira ya kukausha vyatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Inafaa kukumbuka kwamba ile mbegu ya mtende ya karibu miaka 2,000, iliyochimbuliwa Masada na kuoteshwa mwaka 2005, ilihifadhiwa na ukavu wa nchi iliyo ukingoni mwa Bahari ya Chumvi, mahali ambapo joto si haba. Ukavu ndio uliofanya kazi.

Ubaya wa jambo hili umo katika umbo la mporomoko. Mwaka 1980 R. H. Ellis na E. H. Roberts walichapisha milinganyo ya kukadiria maisha ya mbegu, na mchoro unaotokana nayo haushuki kama mteremko wa kawaida. Hukaa juu kwa muda mrefu, karibu tambarare, kisha huporomoka. Shehena yenye asilimia 95 na nyingine yenye 85 huonekana kama ndugu wanaokaribiana kimo, na muuzaji hupunguza bei kidogo tu. Kumbe ya pili imekwisha kufika kwenye ukingo wa bonde. Ukiiweka msimu mmoja zaidi katika joto, utaikuta chini. Na ikiwa ustahimilivu wa chumvi hupotea mapema kuliko kuota, basi mbegu zilizo kwenye ile sehemu tambarare ya juu nazo si sawa kwa sawa: zilizo mwanzoni mwake zina nguvu, zilizo mwishoni zimebaki na jina.

Sehemu nyingine ya jibu haiko kwenye kemia bali kwenye kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza tarehe 1 Julai. Fedha zikitoka, zabuni zikatangazwa, washindani wakakata rufaa na mshindi akapatikana, mvua za mwishoni mwa mwaka huwa zimeanza au zimepita, na mbegu zilizokusanywa kwa ajili yake hukaa mahali fulani hadi Machi. Mahali hapo fulani mara nyingi ni stoo ileile inayowekwa mbolea, majembe na viti vya mikutano. Niliwahi kuonyeshwa magunia ya mbegu za grevilea katika stoo ya namna hiyo, magharibi mwa nchi, yakiwa yameegemea ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Niliyemuuliza yamekaa hapo tangu lini aliangalia vumbi lililokuwa juu ya gunia, akakadiria. Hakukuwa na tarehe ya kuvunwa. Tarehe iliyokuwapo ilikuwa ya kupokelewa, na kwa mbegu hizo mbili ni vitu tofauti kama siku ya kuzaliwa na siku ya kuandikishwa shule.

Lazima hata hivyo tujihadhari na kuugeuza umri kuwa tusi kwa kila mbegu. Miti haizeeki kwa njia moja. Mwaka 1973 Roberts huyohuyo alizigawa mbegu katika makundi mawili: zile zinazovumilia kukaushwa na zile zisizovumilia. Mbegu za fenesi, parachichi, embe na mti wa shea wa kaskazini mwa Uganda zimo katika kundi la pili, na kwazo kila nilichosema kuhusu kukausha ni sumu, kwa sababu kuzikausha ndiko kuziua. Kwa miti hiyo hakuna swali la mbegu ya mwaka jana. Zipo za majuma haya au hazipo. Mwarobaini husimama katikati, nao hupoteza uhai wake upesi mno katika joto la kawaida, jambo linalosikitisha kwa kuwa ni mmoja wa miti inayovumilia udongo wa chumvi kiasi. Huko pwani ya Kenya na Tanzania, mchu, ambao ni aina ya mkoko, umelimaliza tatizo kwa kulikataa: mbegu yake haikauki wala haisubiri, huanza kukua ikiwa bado juu ya mti na kuangukia matope ya bahari ikiwa tayari kuzamisha mizizi. Mti unaoishi ndani ya chumvi kwa maisha yake yote haukuacha nafasi ya uzee kati ya kukomaa na kuota.

Kwa upande mwingine kuna migunga na jamaa zake wenye ganda gumu lisilopitisha maji. Kwa hao mwaka wa kwanza hadi wa pili ghalani waweza hata kuonekana kuleta faida, kwa maana ganda hulegea na mbegu nyingi zaidi huota bila kuchemshwa wala kukwaruzwa. Mtu akiona hivyo hutoa hitimisho kwamba mbegu za mgunga huimarika zikikaa. Kilichoimarika ni mlango tu, aliyemo ndani anazeeka kama wengine, ingawa polepole sana. Kipimo cha chumvi kikifanywa juu ya mbegu hizo lazima ganda liondolewe kwenye hesabu, yaani zote zikwaruzwe kwanza, vinginevyo tutapima ugumu wa ganda na kuuita ustahimilivu.

Serikali iliahidi, chini ya Changamoto ya Bonn, ambao ni mpango wa kimataifa wa kurejesha misitu, kurejesha uoto kwenye hekta milioni 2.5. Ahadi ya ukubwa huo hutekelezwa kwa mbegu, na mbegu hizo hupitia mikono mingi: wakusanyaji wa vijijini, wafanyabiashara, waagizaji wa mbegu za misonobari na mikaratusi kutoka nje, na Kituo cha Kitaifa cha Mbegu za Miti kilichoko Namanve chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Misitu. Sioni kwamba tunahitaji chombo kipya. Tunahitaji taarifa tatu zaidi kwenye karatasi ileile inayobandikwa kwenye mfuko: mwezi wa kuvunwa, siku ambazo nusu ya mbegu zilizoota zilichukua kuota, na asilimia ya kuota katika maji ya chumvi ya kiwango kinachojulikana. Taarifa ya pili haigharimu chochote, kwa kuwa mpimaji tayari huzihesabu mbegu mara kwa mara kabla ya siku ya mwisho. Hutupa tu hesabu za katikati. Taarifa ya tatu inagharimu chombo kimoja zaidi na chumvi kidogo. Mikataba nayo ingebadilika kwa wepesi kama malipo ya mwisho yangesubiri hesabu ya miche iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza, badala ya idadi ya miche iliyopakiwa kwenye lori siku ya sherehe, wakati kamera zipo na mvua bado inanyesha.

Mwenye kitalu asiye na maabara hana sababu ya kusubiri hayo. Udongo huitwa wa chumvi unapofikia desisimensi 4 kwa mita, kipimo cha jinsi maji yake yanavyopitisha umeme, na nusu kijiko cha chai cha chumvi ya jikoni katika lita moja ya maji huleta kiwango kinachopita hapo kidogo. Achukue mbegu 100 kwa maji ya mvua na nyingine 100 kwa maji hayo, azitandaze juu ya kitambaa kilicholowa katika sahani mbili zilizofunikwa ili maji yasikauke na chumvi ikazidi, kisha ahesabu kila siku na kuandika. Tofauti ya idadi itamwambia kitu kimoja, na tofauti ya siku itamwambia kingine. Baada ya majuma mawili au matatu, kutegemea aina ya mti, zile zilizokataa kuota katika chumvi azisuuze na kuzihamishia kwenye maji ya mvua. Zikiota, chumvi ilikuwa imezinyima maji tu. Zikioza, chumvi imeingia ndani, na katika mbegu zilizozeeka kuoza huko ndiko kunakotarajiwa zaidi.

Wapo wanaopendekeza kuzifufua mbegu zilizochoka kwa kuziloweka kwa kiasi, muda mfupi usiotosha kutoa mzizi, kisha kuzikausha juujuu na kuzipanda. Njia hiyo ina msingi, kwani huipa mbegu nafasi ya kukarabati kabla ya kukutana na chumvi, na kwa aina nyingi hurudisha sehemu ya kasi iliyopotea. Ila mbegu iliyofanyiwa hivyo isirudishwe stoo, maana mara nyingi huzeeka upesi kuliko ilivyokuwa, na mbegu iliyokufa hairudishwi na maji yoyote.

Kuhusu mfuko wa zamani ambao tayari uko mkononi, sishauri utupwe. Mbegu za namna hiyo zioteshwe kitaluni, katika udongo uliopepetwa na kwa maji matamu, zikiongezwa idadi kulingana na kipimo, na miche ihamishiwe kwenye ardhi ya chumvi ikiwa na miezi kadhaa na mizizi iliyokwisha kujijenga, mwanzoni mwa mvua kubwa na si katikati yake. Mbegu za msimu huu, ambazo ni chache na ghali, ndizo ziwekwe kando kwa ajili ya kupandwa moja kwa moja ardhini kule Kasenyi na Kibiro, kwa kuwa huko hakuna atakayeziongezea maji matamu zikichelewa.